Shahidi Aliyekwenda Kushoto

Shangazi yangu hamwamini mtu anayemsalimia kabla ya kumkaribia. Ukipaza sauti kutoka mbali, "Shangazi, shikamoo!" ataitikia, maana adabu anayo, lakini ukifika atakuuliza, "Umeanza kuniangalia tangu wapi?" Na usipokuwa na jibu la kueleweka, siku hiyo una kesi. Mwenye duka akimwongezea kitu kidogo juu ya alichonunua, wiki nzima hakanyagi pale. "Mkono mmoja unanipa," husema. "Ule mwingine uko wapi?" Mumewe, ambaye amekaa naye muda wa kutosha kupewa nishani, simu yake haina namba ya siri. Huiacha mezani, kioo juu, kama askari aliyesalimisha bunduki.

Mtu wa namna hii, kazi gani ingemfaa? Polisi, utasema. Hata mimi ningesema hivyo. Kumbe kazi iliyomfaa ni kuvizia seli.

Alianza kama mwosha vyombo katika jengo la utafiti lililo nyuma ya hospitali kuu. Vyombo vya kioo vilikuwa vinawekwa kwenye rafu mbili, vilivyooshwa na visivyooshwa, kila rafu na kibandiko chake. Shangazi akawa anaosha vyote. Alipoulizwa kwa nini anaosha mara ya pili vilivyokwisha kuoshwa, alijibu, "Kibandiko kimesema. Chombo chenyewe hakijasema." Bosi wa wakati huo alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akampeleka chumba cha seli, maana seli zinahitaji mtu asiyeamini usafi wa mwenzake. Hapo shaka yake ikageuka kipaji. Alikuwa anashika ukungu kabla haujaonekana. Alikuwa anajua nani kafungua chupa na mdomo unaongea. Miaka ikaenda, akafundishwa darubini, akapewa kiti.

Niieleze kazi yenyewe kama nilivyoelezwa, kwa sababu mimi chuo niliishia katikati, na sura hiyo ilikuwa nusu ya pili.

Ukijikata kidole, kidonda hakizibwi na dua peke yake. Seli za ngozi zilizo ukingoni hujivuta na kutambaa mpaka zijaze palipo wazi. Sasa, seli haina macho, haina miguu. Inajuaje mbele ni wapi? Ndani yake kuna protini zinazopashana habari kama majirani wa korido moja. Kundi moja likinusa kitu upande fulani hukimbilia huko na kutangaza, "Mbele ni hapa!" Kundi la pili hubaki nyuma kukataza mtu mwingine yeyote asijifanye mbele. Wakielewana, seli inapata uso na kisogo, inaondoka. Ukikata mawasiliano yao, seli inaota mbele tatu, inajivuta huku, inajivuta kule, haifiki popote. Shangazi anasema ukoo wetu una watu watano wa aina hiyo, na ananitazama akihesabu.

Namna ya kuzichunguza ni hii. Unachukua slaidi ya plastiki yenye vishimo viwili na njia nyembamba katikati. Seli unazipanda njiani. Kwenye kishimo kimoja unatia chambo, yaani kitu ambacho seli hukipenda, nacho kinavuja polepole. Slaidi inawekwa kwenye meza ya darubini, ndani ya boksi angavu lenye joto la mwili na unyevu, na kamera inapiga picha kila baada ya muda mfupi, kutwa nzima. Jioni picha zinaunganishwa kuwa filamu. Kisha Shangazi anakaa na kipanya cha kompyuta, anabofya tumbo la kila seli, picha baada ya picha, mpaka anapata nyayo zake zote. Nyayo za seli zote zikichorwa zianzie sehemu moja, unaona jibu kwa macho. Seli zilizoitwa na chambo hutoa mchoro kama ufagio, nyuzi zote upande mmoja. Seli ambazo hazikuitwa na mtu hutangatanga pande zote, mchoro unakuwa kama ua.

Ndiyo maana kila slaidi yenye chambo hukaa bega kwa bega na mwenzake isiyo na chambo. Hiyo ya pili pale kazini wanaiita shahidi. Shahidi akitoa ua, maana yake ufagio wa jirani yake ni wa kweli. Shahidi akitoa ufagio, kuna mtu anadanganya, au kuna kitu kinadanganya. Shangazi hajawahi kuwa na subira ya kufika kwenye hiyo "au".

Sasa Wifi.

Wifi ni mdogo wa mumewe. Ni mfupi, mnene wa kupendeza, anacheka kabla wewe hujamaliza kichekesho. Alikuwa maabara ya hospitali, ng'ambo ya uwanja, mpaka alipohamishiwa jengo la utafiti. Alipoingia alimkumbatia Shangazi mbele ya watu, akasema, "Wifi, tumekuwa pamoja nyumbani, sasa na kazini!" Shangazi akasema, "Naona." Wanafunzi wa pale, kwa kuwa wenyewe wanaitana wifi, wakawapachika Wifi Mkubwa na Wifi Mdogo, na majina yakashika. Na ikabainika kwamba Wifi Mdogo naye darubini anaijua. Alishapelekwa mafunzo, ana na cheti.

Mkuu wa maabara, Profesa, ni mama mpole anayefuta miwani kila anapotaka kusema jambo baya. Siku hiyo aliifuta miwani mpaka ikawa inalia.

"Darubini ni moja," alisema. "Mpiga picha atakuwa mmoja. Mwingine atakaa kwenye kabati la hewa safi, apande seli na kuandaa slaidi. Wifi Mkubwa, kiti ni chako kwa sasa, kwa hiyo anza wewe. Niletee filamu za chambo na za shahidi. Nikiona shahidi ametulia, utaendelea kukaa. Nisipoona, tutambadilisha mtu."

Shangazi alirudi nyumbani akiwa kimya, na kimya chake kina kelele. Kile kiti si kiti tu. Ni chumba kidogo cha giza mwisho wa korido, mlango wake mwenyewe, swichi yake mwenyewe, mahali pekee katika jengo lile ambapo mtu hawezi kumpita nyuma. Kumtoa pale ni kumweka katikati ya ukumbi, mgongo wazi, watu wanapita. Kwa mtu kama yeye, hiyo ni adhabu.

Shaka ilianzia kwenye makalio. Alitoka kula mchana, akaingia kwenye chumba chake cha giza, akakaa, akaendelea kushuka. Kiti kilikuwa kimeshushwa. Nani mfupi katika jengo lile? Hakuwasha hata taa. Alikwenda moja kwa moja ukumbini.

"Wifi, umekalia kiti changu?"

"Nimekikalia. Kwani kimelalamika?"

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nakaa, wifi. Kiti mtu hukifanyia nini kingine?"

"Na slaidi umezigusa?"

"Sijazigusa. Nimeziangalia tu."

"Kwa mkono au kwa macho?"

"Kwa hamu," akajibu Wifi, akacheka peke yake, akarudi kwenye pipeti zake. "Nakitaka kile kiti, wifi, sifichi. Lakini nakitaka kwa haki."

Mtu akikuambia anakitaka kitu chako kwa haki, wewe utafarijika. Shangazi alisikia neno moja tu, "nakitaka".

Na bahati mbaya haiji peke yake, hubeba na mkoba. Jioni ile alipotazama filamu, seli zilikuwa zimejikunja, zimekuwa duara, zimeachia sakafu na kuelea kama vifungo vya shati. Zimekufa. Seli hufa kwa mambo mengi. Joto likizidi kidogo zinakufa, maji ya lishe yakikauka zinakufa, wakati mwingine zinakufa bila kuaga. Shangazi alikuwa na orodha nzima kichwani. Akachagua sababu moja, ile yenye miguu miwili na cheti.

Usiku tukiwa mezani alimgeukia mumewe, ambaye humu nyumbani tunamwita Mzee wa Kati, kwa sababu amezaliwa upande mmoja na kuoa upande mwingine.

"Dada yako anataka kiti changu."

Mzee wa Kati akainuka nusu. "Hiki?"

"Usijifanye hujui."

"Mke wangu, mimi nakula."

"Ameua seli zangu."

"Alikuambia?"

"Muuaji anaambia watu?"

Mzee wa Kati akaomba chumvi, ambayo ilikuwa mbele yake, akaitumia muda mrefu sana.

Kesho yake Shangazi alikuja na dawa. Kuna tepu nyembamba, inayovutika, ambayo pale maabara huzungushiwa mifuniko ya sahani za seli zisikauke. Alichukua kipande, akabandika ncha moja kwenye ukingo wa slaidi zake, akaivuta mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma, akabandika ncha ya pili kwenye meza ya darubini, upande wa kushoto, uliko mlango mdogo wa lile boksi. Kisha akapitisha kalamu ya wino juu ya kiungio na kutia sahihi, nusu kwenye tepu, nusu kwenye chuma. Kama maboksi ya kura. Mkono wowote ukiinua slaidi, sahihi inakatika, mwizi anajulikana.

Wifi alichungulia mlangoni akaona. "Makubwa! Wifi, hiyo slaidi umeifunga au umeiposa?"

"Mwenye nia njema tepu haimsumbui."

"Hainisumbui. Naona wivu tu, mimi mume wangu hajawahi kunitilia sahihi."

Jioni ile Shangazi alibofya nyayo. Slaidi ya chambo ilitoa ufagio mzuri, mnene, nyuzi zote kushoto kuliko na chambo. Karibu apige vigelegele. Akahamia kwa shahidi. Akabofya seli ya kwanza, kushoto. Ya pili, kushoto. Ya kumi, kushoto. Shahidi, ambaye hakuitwa na mtu, hakuwekewa chochote cha kunusa, alikuwa anaelekea kushoto kwa nidhamu ya gwaride.

"Shahidi amehongwa," alisema, peke yake, gizani.

Akaangalia tepu. Nzima. Sahihi haijakatika hata mkia wa herufi. Mimi na wewe hapo tungesema basi, hakuna aliyegusa, tutafute kwingine. Shangazi alipolisimulia hili nyumbani, hicho ndicho Mzee wa Kati alichojaribu kusema.

"Sasa kama tepu ni nzima, dada yangu si ametoka kwenye kesi?"

"Tepu kuwa nzima ndiyo ushahidi kwamba alijua kuna tepu."

"Na kama ingekatika?"

"Ingekuwa ushahidi kwamba ameikata."

Mzee wa Kati alinitazama mimi. Mimi niliangalia dari.

Ikawa vita ya mtu mmoja. Kama Wifi hakugusa slaidi, basi chambo kakitia kwenye maji ya lishe. Shangazi akachanganya maji yake mwenyewe, akayafungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. Shahidi akaenda kushoto. Basi ni pipeti. Akabadilisha pipeti. Shahidi kushoto. Basi seli zenyewe zimechezewa. Akaenda kwenye pipa la baridi kali, akafufua kichupa kipya cha seli zilizogandishwa kabla Wifi hajahamia, akazilea mwenyewe. Shahidi kushoto. Na kila alipobadilisha kitu, tepu nayo aliiongeza, maana adui amejua mbinu. Ikawa tabaka mbili, zikawa tatu, zote zimevutwa, zote kushoto, zote na sahihi. Na kwa kila tabaka shahidi alizidi kasi.

Kuna mwanafunzi mmoja aliyemwambia, "Wifi Mkubwa, si uonyeshe za chambo tu? Ufagio wako unapendeza." Alitazamwa mpaka akakumbuka ana kipindi. Hapo lazima nimpe Shangazi haki yake. Katika yote aliyowaza juu ya watu, kumficha shahidi hakukumpitia akilini hata mara moja. Alitaka kumshika aliyemhonga.

Jumapili kabla ya kikao cha Profesa cha kutazama filamu, Wifi alikuja nyumbani kumtembelea kaka yake, na matunda kwenye mfuko. Shangazi aliyapokea, akayageuza moja moja kwenye mwanga wa dirisha.

"Hayana sumu, wifi. Nimeyanunua hapo njia panda."

"Sijasema."

"Macho yako yamesema. Haya, shahidi vipi?"

Hewa ya sebuleni ikabadilika. Mzee wa Kati aliukumbuka mpira aliokuwa hautazami, akafungua televisheni.

"Nani kakuambia habari za shahidi?" Shangazi akauliza.

"Jengo zima linajua. Unatoka mle chumbani kila jioni kama umefiwa. Nionyeshe filamu, wifi. Si za kunipa, nionyeshe tu. Macho manne si sawa na mawili."

"Hayo mawili ya kwako nayajua."

"Unayajua nini?"

"Yanapotazama kiti."

Wifi aliacha kucheka, na mimi sikuwahi kumwona Wifi bila kicheko. Alionekana mtu mwingine, kama nyumba yenye madirisha yaliyofungwa. "Kaka," akasema bila kugeuka, "mwambie mkeo."

"Nimwambie nini?" akauliza Mzee wa Kati.

"Chochote."

Mzee wa Kati akatazama upande mmoja, akatazama wa pili. Seli iliyokatiwa mawasiliano, nakuapia. Mwisho akasema, "Mpira umekuwa mzito," na Wifi akachukua mkoba wake akaondoka.

Kikao kilikuwa asubuhi, kwenye chumba chenye viti vya plastiki na projekta inayonguruma. Profesa mbele, wanafunzi nyuma, Wifi karibu na ukuta. Kesi yenyewe nimeisikia kwa Shangazi, nikaisikia kwa Wifi, na cha kushangaza masimulizi yao yanafanana, kwa hiyo naiamini.

Shangazi alisimama, akaonyesha ufagio wa chambo. Watu wakanung'unika kwa kuridhika. Kisha akasema, "Sasa shahidi. Nawaomba mtazame vizuri, kwa sababu shahidi huyu amehongwa, na aliyemhonga yumo humu ndani."

Projekta ikanguruma.

"Maji nimechanganya mwenyewe. Seli nimefufua mwenyewe. Nimefunga, nimetia sahihi. Na bado kuna mtu ameingia. Simtaji. Anataka kiti, kasema kwa kinywa chake."

Vichwa vyote viligeukia ukutani. Wifi alikuwa ameshika mkoba magotini kwa mikono yote miwili. Shangazi akawasha filamu, na ukutani, kubwa kama milango, zikaanza kutambaa seli za shahidi, kushoto, kushoto, kushoto.

Filamu ikaisha. Profesa akavua miwani.

"Naomba irudiwe," Wifi akasema.

"Ya nini?" Shangazi akauliza.

"Nimeshtakiwa. Nina haki ya kumwona shahidi mara mbili."

Ikarudiwa. Katikati Wifi akasimama, akasogea ukutani mpaka kivuli chake kikaingia kwenye picha. Akaweka kidole chini, pembeni.

"Hiki cheusi ni nini?"

"Uchafu," Shangazi akasema. "Uzi wa vumbi. Umo ndani ya plastiki tangu kiwandani. Uache."

"Siugusi. Nauliza tu, unakwenda wapi?"

Filamu ikaendelea. Uzi wa vumbi, usio na uso, usio na kisogo, usio na protini wala jirani wa kumpasha habari, ulikuwa unaandamana na seli. Kushoto. Hatua kwa hatua, haubaki nyuma, hautangulii.

"Na huo nao nimeuhonga?" Wifi akauliza.

Mwanafunzi mmoja alicheka puani akajifanya anakohoa. Profesa alisimama, akaikaribia picha, akaitazama bila miwani, akaitazama na miwani.

"Vumbi lililo ndani ya plastiki haliwezi kuhama," akasema polepole. "Kama linahama, plastiki ndiyo inayohama. Seli hizi hazijaenda popote. Slaidi yote inavutwa."

"Inavutwa na nani?" Shangazi akauliza, maana hata hapo bado alitaka mtu.

Walikwenda wote chumba cha giza, wakajazana mlangoni. Profesa aliwasha taa, akainama juu ya boksi. Slaidi zilikuwa zimebanwa kabisa kwenye ukingo wa kushoto wa kishikio chake, na upande wa kulia pamebaki upenyo unaoweza kupitisha ukucha. Na kushoto pale, tabaka tatu za tepu inayovutika, zilizovutwa mpaka mwisho na kuachwa kutwa kwenye joto na unyevu zijirudie taratibu kwenye urefu wake wa kuzaliwa. Profesa aligusa moja kwa ncha ya kalamu. Ilitetemeka kama uzi wa gitaa.

"Sahihi ya nani hii?" akauliza, ingawa iliandikwa vizuri.

Wifi angeweza kujibu. Mdomo ulikuwa wake, zamu ilikuwa yake, na kwa jinsi ninavyomfahamu alikuwa nayo sentensi imekaa tayari kwenye ulimi. Akaimeza. Shangazi aliona anavyoimeza, na hilo lilimuuma kuliko kama angeitema.

Wanafunzi walipoondolewa, wakabaki watatu.

"Filamu hizi umezitazama mara ngapi?" Profesa akauliza.

"Nyingi."

"Vumbi hukuliona?"

"Nilikuwa namtafuta mtu," Shangazi akasema.

Profesa akaifuta miwani, upande mmoja, upande wa pili. Shangazi alijua.

"Tepu ningeisamehe. Lakini umesimama mbele ya watu ukamshtaki mwenzako kwa filamu ambayo hukuitazama pembeni. Wifi Mdogo atakaa kwenye darubini. Wewe utakaa kwenye kabati. Na kuanzia sasa, anayeandaa slaidi ndiye peke yake atakayejua ipi ina chambo na ipi ni shahidi. Ataziandikia herufi tu. Anayepiga picha hataambiwa mpaka nyayo zote zihesabiwe."

Nyumbani alisema neno moja tu, "Nimehamishwa," akaingia kulala na jua bado liko dirishani. Mzee wa Kati alinong'ona, "Nimpigie dada yangu?" Nikamwambia asipige. Akanitazama kwa shukrani ambayo sijawahi kuipata kwa mtu mzima.

Siku chache baadaye kabati la hewa safi lilikuwa limehamishwa. Shangazi alilisukuma mwenyewe mpaka kwenye kona, ili mgongo upate ukuta. Hapo akapanda seli, akatia chambo kwenye slaidi moja, nyingine akaiacha, akaandika herufi. Akaziweka kwenye kisanduku chenye joto, akazibeba koridoni kwa mikono miwili, akafika kwenye mlango ambao juzijuzi ulikuwa wake. Kiti kilikuwa chini. Wifi alikuwa juu yake.

"Karibu, wifi," Wifi akasema bila kucheka sana, ila kidogo.

"Sijaja kukaa."

"Nimesema karibu, sijasema kaa."

Shangazi akatoa slaidi. Wifi akazishika ukingo wa pili. Zikawa hewani, mkono huku, mkono kule.

"Ipi shahidi?" Wifi akauliza.

"Huambiwi."

"Hata kwa kukonyeza?"

"Wifi, usinijaribu."

"Basi zilete, zinapoa."

Shangazi hakuachia. Alikuwa anaitazama ile mikono, mifupi, misafi, kucha zimekatwa, hakuna pete. Alitafuta kitu. Alitafuta kwa bidii, namfahamu. Hakupata, na kutopata hakukumridhisha hata kidogo.

"Achia, wifi."

Akaachia, kidole kimoja kimoja. Wifi akaziweka kwenye kishikio, akafunga mlango wa boksi, akazima taa. Shangazi akatoka akasimama koridoni, pale karibu na dirisha, ambapo mtu anaweza kuona kila anayeingia na kila anayetoka.

"Unanipumulia, wifi!" sauti ikatoka gizani.

"Napumua koridoni," Shangazi akajibu. "Korido si ya kwako."